Benjamin Davis: Rubani aliyechuniwa miaka minne chuoni, akamaliza na nyota nne

Hebu vuta picha: uko chuoni, bweni limejaa vijana wa rika lako, lakini hakuna anayekusalimia. Unalala chumbani peke yako. Unakula bila mtu wa kupiga naye stori. Na hali hiyo haiishi baada ya wiki wala mwezi, inakwenda miaka minne.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Benjamin O. Davis Jr. alipoingia West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, mwaka 1932. Kosa lake lilikuwa moja tu, alikuwa mweusi. Waliomchunia walitaka achoke, afungashe mizigo yake arudi kwao.

Hakurudi. Akaja kuwa jenerali wa kwanza mweusi katika Jeshi la Anga la Marekani.

Mtoto wa mwanajeshi

Davis alizaliwa Washington, D.C., Desemba 18, 1912. Baba yake, Benjamin O. Davis Sr., alikuwa ofisa wa jeshi enzi ambazo maofisa weusi walihesabika kwa vidole. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana.

Miaka ya mwanzo ya 1920 familia hiyo iliishi Tuskegee, jimbo la Alabama. Usiku mmoja wabaguzi wa Ku Klux Klan waliandamana kupita mbele ya makazi ya weusi. Kila mtu alitakiwa azime taa na kujifungia ndani. Mzee Davis akafanya kinyume: alivaa sare yake nyeupe ya jeshi, akawasha taa ya kibarazani, akakaa hapo na familia yake mpaka msafara ukapita. Mtoto aliona yote.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 13, alipandishwa kwa mara ya kwanza kwenye ndege ndogo ya maonyesho pale Washington. Aliposhuka, alishajua anataka kuwa nani. Tatizo ni kwamba jeshi la nchi yake halikuwa na rubani hata mmoja mweusi.

Miaka minne ya kuchuniwa

Nafasi ya West Point aliipata kwa kupendekezwa na Oscar De Priest wa Chicago, mbunge pekee mweusi katika Bunge la Marekani wakati huo.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha wenzake wakafanya kikao cha kumjadili, na kuanzia hapo hakuna aliyezungumza naye isipokuwa kwa jambo la kikazi. Hakupewa mtu wa kuishi naye chumba kimoja. Hata walipokwenda mafunzoni porini, alilala kwenye hema peke yake.

Davis aliamua hatamwonyesha mtu yeyote kwamba anaumia. Hata barua alizoandika nyumbani hazikuwa za kulalamika. Mwaka 1936 alihitimu akishika nafasi ya 35 kati ya wahitimu 276. Alikuwa mweusi wa nne kuhitimu hapo, na wa kwanza tangu mwaka 1889. Muda mfupi baadaye alifunga ndoa na Agatha Scott katika kanisa la chuo hicho hicho.

Aliomba kujiunga na kitengo cha anga, akagonga mwamba. Sababu aliyopewa ni kwamba hakuna kikosi cha anga cha weusi, na hakuna mpango wa kukianzisha.

Akapelekwa Fort Benning, Georgia, kwenye kikosi cha askari wa miguu weusi. Huko nako hakuruhusiwa kuingia bwalo la maofisa, na safari hii mkewe naye akachuniwa.

Mlango wafunguka

Presha za kisiasa ndizo zilizobadilisha mambo. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia kuifikia Marekani, mashirika na magazeti ya weusi yalikuwa yakiibana serikali ya Rais Franklin Roosevelt. Mwaka 1941 jeshi likakubali kuanzisha mafunzo ya urubani kwa weusi huko Tuskegee, mji uleule wa taa ya kibarazani.

Darasa la kwanza lilianza na watu 13. Machi 1942 walihitimu watano tu, Davis akiwemo. Muda si mrefu akapewa kuongoza Skwadroni ya 99, kikosi cha kwanza cha marubani weusi wa kivita nchini humo.

Mwaka 1943 kikosi hicho kilikwenda Afrika Kaskazini, kisha kikaingia vitani kwenye visiwa vya Italia.

Ripoti iliyotaka kuwamaliza

Miezi michache baadaye, Davis alirudi Marekani kuchukua uongozi wa kikosi kikubwa zaidi, Kundi la 332. Huko ndiko alikokutana na kashkash nzito kuliko ya chuoni.

Kanali William Momyer, ambaye Skwadroni ya 99 ilikuwa ikiruka chini ya kundi lake, alikuwa ameandika ripoti akidai marubani weusi hawana moyo wa kupambana wala nidhamu ya angani. Pendekezo likapanda ngazi mpaka juu, waondolewe mstari wa mbele wakalinde pwani. Kama lingepita, mpango mzima wa marubani weusi ungekufa palepale.

Oktoba 1943 Davis aliitwa mbele ya kamati ya Wizara ya Vita. Alikuwa na hasira, lakini hakuionyesha. Badala yake alieleza mambo yalivyokuwa. Kikosi kipya cha wazungu kilichanganywa na marubani wazoefu wa kuwaelekeza wageni. Kikosi chake hakikuwa na mzoefu hata mmoja, kwa sababu jeshi lilikuwa halijawahi kufundisha rubani mweusi. Pia kilikuwa na marubani wachache, hivyo kila mmoja aliruka mara nyingi zaidi na kuchoka zaidi.

Jeshi likafanya uchunguzi wake na kukuta kwamba Skwadroni ya 99 haikuwa nyuma ya vikosi vingine vilivyotumia ndege za aina hiyo. Kisha Januari 1944, karibu na Anzio, Italia, marubani wa 99 wakaangusha ndege zaidi ya 10 za Wajerumani kwa siku mbili tu. Maneno ya kuwaondoa yakaisha.

Mikia myekundu

Davis aliliongoza Kundi la 332 kutoka Italia, kazi yao kubwa ikiwa kusindikiza ndege za kudondosha mabomu. Mikia ya ndege zao ilipakwa rangi nyekundu, na jina likatokea hapo. Amri ya Davis ilikuwa rahisi kuelewa ila ngumu kuifuata. Usikimbilie kuwinda ndege za adui ili ujipatie sifa, kaa na ndege unazozilinda.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kundi hilo halikupoteza hata ndege moja ililoisindikiza. Siyo kweli. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu za jeshi walikuta zilizopotea ni 27. Lakini wastani wa makundi mengine yaliyofanya kazi hiyo hiyo katika eneo hilo ulikuwa 46. Hata bila chumvi, rekodi hiyo inajieleza.

Machi 24, 1945, Davis aliongoza msafara mpaka Berlin. Siku hiyo vijana wake waliangusha ndege tatu za jeti za Wajerumani, teknolojia ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo.

Baada ya vita

Mwaka 1948 Rais Harry Truman alitoa amri ya kumaliza ubaguzi jeshini. Davis alisaidia kuandaa mpango wa Jeshi la Anga, lililotangulia majeshi mengine kuchanganya askari wake.

Mwaka 1953 alikabidhiwa kikosi cha ndege za jeti Korea Kusini, akiwaongoza marubani weupe na weusi kwa pamoja. Mwaka uliofuata akawa Brigedia Jenerali. Baadaye akafika Luteni Jenerali, na wakati wa vita vya Vietnam aliongoza Jeshi la Anga la 13 kutoka Ufilipino. Alistaafu mwaka 1970 akiwa na nyota tatu.

Nyota ya nne ilimkuta nyumbani. Rais Bill Clinton alimvisha Desemba 1998, Davis akiwa na miaka 85.

Agatha, aliyechuniwa pamoja naye Fort Benning, alitangulia mwanzoni mwa 2002. Davis akamfuata Julai 4 mwaka huohuo, akazikwa katika makaburi ya Arlington.

Mwaka 2017 West Point ilizindua bweni jipya la wanafunzi wake. Chuo ambacho hakuna mtu aliyekubali kulala naye chumba kimoja, leo kina bweni zima linaloitwa Davis.