Imamu Abdulrahman bin Rustam na Nyumba Yake ya Udongo

Imamu Abdulrahman bin Rustam, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyesimamisha dola ya Kiibadhi ya Tahert katika nchi ambayo leo inaitwa Algeria. Vitabu vya historia humtaja kwa vita, kwa elimu na kwa siasa. Lakini wanaosimulia habari zake wakifika kwenye nyumba yake, juu ya dari iliyopasuka, hapo huchukua muda mrefu, na wana haki.

Asili yake ni Uajemi. Baba yake, Rustam, alitoka Iraq kwenda kuhiji pamoja na mkewe na mtoto wao, akafia huko Makka. Mjane akaolewa na haji mmoja wa Qayrawan, mji ulioko Tunisia ya leo, naye akaondoka pamoja na mwanawe kuelekea Maghribi. Hivyo mtoto alilelewa ugenini, katika nyumba ya baba wa kambo, mahali ambapo hakuwa na ami wala binamu. Jambo hili la kutokuwa na kabila halina budi kukumbukwa, kwani litarudi baadaye kwa sura nyingine.

Alipokuwa kijana wito wa Kiibadhi ulimfikia huko Qayrawan, naye akatamani kuichota elimu kwenye chemchemi yake. Akasafiri hadi Basra kwa Imamu Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima. Sheikh huyu, ambaye wanafunzi wake walitawanyika Oman, Yemen, Khurasani na Maghribi, alikuwa msukaji wa makapu. Darasa lake lilikuwa katika chumba cha chini ya ardhi, kwa kuwa watawala wa zama zile hawakuwapa Waibadhi nafasi ya kusoma hadharani. Husimuliwa kwamba mlangoni kulikuwa na mnyororo wa chuma. Akipita mtu asiyejulikana mnyororo ulitikiswa, sauti zikanyamaza, na mikono ikaendelea kusuka. Abdulrahman alikaa katika hali hiyo miaka mitano. Mtu aliyesoma fiqhi na tafsiri huku ukindu umo vidoleni mwake hawezi kuja kuona haya ya kazi ya mikono.

Wakatoka Basra wanafunzi watano walioitwa wabebaji wa elimu, yeye akiwa mmoja wao. Mwaka wa 140 H. (757 M.) Waibadhi wa upande wa Tripoli walimpa baia mwenzao, Abul-Khattab al-Maafiri, na mwaka uliofuata Qayrawan ikaingia mikononi mwao. Abdulrahman akafanywa liwali wa mji uleule alikolelewa yatima. Hapa palikuwa na fursa ya kuishi kama waishivyo maliwali, lakini fursa hiyo haikudumu: mwaka wa 144 H. (761 M.) jeshi la Bani Abbas likiongozwa na Ibn al-Ashath lilimuua Abul-Khattab huko Tawargha, na wenyeji wa Qayrawan wakageuka. Liwali akawa mkimbizi.

Alitoka na watu wawili tu, mwanawe Abdulwahhab na mtumwa wake, na farasi mmoja. Farasi akafa njiani. Wakamchimbia kaburi wakamfukia, ili wanaowafuata wasiuone mzoga wakajua kwamba wanaowatafuta sasa wanakwenda kwa miguu. Abdulrahman alikuwa amekwisha dhoofika, basi mwanawe na mtumwa wakapokezana kumbeba mgongoni. Hivyo ndivyo alivyoivuka nchi yule ambaye miezi michache nyuma alikuwa akikaa katika kasri la utawala. Katika safari ile hakubakiwa na kitu ila alichokuwa nacho kifuani na watu wawili waliomchukua. Yaonekana hakulisahau somo hilo. Mambo yake yote ya baadaye yana harufu yake.

Baada ya kujihifadhi mlimani, wakazidi kumjia wafuasi kutoka makabila ya Kiberiberi, wakatafuta mahali pa kuweka mji. Pwani palikuwa na bandari na biashara, lakini palikuwa karibu mno na majeshi. Wakachagua bara, katika nyanda za juu zipatazo mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mahali penye msitu mzito, mito na chemchemi, na baridi kali ya theluji na ukungu. Ardhi ilikuwa na wenyewe. Wageni walitaka kuinunua, wenyeji wakakataa kuiuza, na badala ya kunyang'anywa wakaafikiana kwamba watapewa sehemu ya mapato ya masoko na wageni wapewe ruhusa ya kujenga. Kwa miti iliyokatwa palepale ukajengwa msikiti. Kisha wakajenga nyumba.

Msomaji anayekaa Maskat, Dubai au London, ambaye nyumba nzima hushtuka umeme ukikatika kwa nusu saa, na afikirie kidogo maisha ya miaka ile ya mwanzo. Maji yalitoka mtoni, kuni msituni, nafaka kwenye mashamba waliyoyalima wenyewe, na sufi kwa kondoo zao. Hapakuwa na khalifa wa kuwatumia mshahara wala msafara wa kuwaletea vyakula. Hapana haja ya kuyapamba maisha hayo, kwani baridi ya Tahert ilijulikana hata kwa wasafiri wa mbali, na fukara akikosa vazi zito huweza kufa. Lakini yalikuwa na jambo moja ambalo Qayrawan haikuwa nalo. Hapakuwa na mtu wa nje aliyeweza kufunga mkono wake, watu wa Tahert wakalala na njaa.

Mwaka wa 160 H. (777 M.) waliamua kumchagua Imamu. Walikuwako wakuu wengi wa makabila waliostahiki, na kila mmoja alikuwa na jamaa wa kumnyanyua. Ndipo wakaona kwamba anayefaa ni Abdulrahman, kwa elimu yake na uchaji wake, na pia kwa sababu hana kabila. Akiwa mwadilifu, ndilo walitakalo. Na akipotoka hatakuwa na ukoo wa kumkinga wasimwondoe. Kile kilichokuwa upungufu wa yatima wa Qayrawan kikawa ndiyo sifa yake.

Habari zikafika Basra, na Waibadhi wa huko wakafurahi. Walikusanya mali, wakawapa watu wao wanaoaminika mizigo mitatu ya fedha, wakawaagiza waende kwanza wamtazame mtu mwenyewe: wakimkuta kama alivyosifiwa wampe, na wakimkuta kinyume chake warudi nayo. Kutoka Basra hadi Tahert ni zaidi ya kilomita 4,000. Baada ya safari hiyo yote walifika, wakauliza nyumba ya Imamu, wakaelekezwa.

Walikuta mtu juu ya dari akiziba nyufa kwa udongo, na mtumwa yuko chini akimpa udongo ule. Wakamsalimu mtumwa, wakamwomba awaombee idhini kwa Imamu. Aliyekuwa juu akasikia, akamwambia mtumwa awasubirishe kidogo. Akamaliza kazi yake, akashuka, akanawa mikono na miguu, akatawadha, kisha akawaruhusu waingie. Ndipo walipotambua kwamba fundi yule ndiye waliyemwendea. Ndani ya nyumba wakaona mkeka, mto wa ngozi wa kulalia, upanga, mkuki, na farasi aliyefungwa upande mmoja. Hapakuwa na zaidi. Akaletwa mkate wa moto na samli, wakala pamoja naye.

Wakaomba nafasi ya kushauriana faragha. Ushauri haukuwa mrefu: waliyoyaona yaliwatosha, wakaukabidhi ule mzigo. Imamu hakuuingiza nyumbani kwake. Aliwaita watu msikitini, akawaeleza, akataka shauri lao, na mali ikagawanywa mafungu matatu mbele ya wajumbe wenyewe: moja la vipando, moja la silaha, na moja la mafukara. Wajumbe wakaondoka wakiwa wameona dirhamu zao zinakokwenda.

Habari hizi zimehifadhiwa na Ibn al-Saghir, mwanahistoria aliyekaa Tahert mwishoni mwa karne ya tatu ya Hijra. Naye hakuwa Muibadhi, wala hakuficha kwamba hakuwapenda Waibadhi. Mtu wa namna hiyo akimsifu Imamu wao kwa uadilifu na zuhudi, sifa yake ina uzito ambao sifa ya mfuasi haiwezi kuwa nao.

Mji ukanawiri. Usalama na hukumu ya haki viliwavuta watu wa Basra, wa Kufa na wa Qayrawan, kila kundi likajenga mtaa wake. Misafara ikaenda kusini kuvuka jangwa na kurudi na dhahabu. Imamu alikaa msikitini kuwasikiliza mjane na mnyonge. Zaka za nafaka na mifugo zilipokusanywa, mafukara walihesabiwa wakapewa chakula, na kilichosalia cha mali ya zaka kikanunuliwa mavazi ya sufi, ngozi za kujifunika na mafuta, wakagawiwa. Basi ile baridi ya nyanda za juu haikuachiwa maskini peke yake.

Miaka michache baadaye watu wa Basra walituma tena, na safari hii mizigo kumi. Wajumbe walipofika walistaajabu. Walikoacha vibanda wakaona majumba. Kando ya mito wakaona vinu vya kusagia na mabustani. Wakaona farasi na watumwa wengi. Wakamwendea Imamu, wakamkuta katika hali yake ileile ya kwanza.

Hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Kupokea mizigo mitatu wakati wa dhiki na kuigawa kwa haki ni jambo jema, lakini wako wengi waliolifanya. Mizigo kumi ilikuja bila ya kuombwa. Ilikuwa halali, imetoka kwa ndugu, na hapana sharia iliyoizuia. Hazina gani isiyopenda kuongezwa? Imamu aliwakusanya watu kama mara ya kwanza, nao wakamwachia yeye shauri. Akaamua kwamba mali irudi kwa wenyewe. Mara ya kwanza, alieleza, waliipokea kwa kuwa walikuwa na haja. Sasa Mwenyezi Mungu amewatosheleza, na ndugu wa Basra, walio chini ya watawala wasiowapenda, wana haja nayo zaidi. Wajumbe wakaona uzito, lakini hawakuwa na budi. Ngamia walewale wakaelekezwa mashariki na mizigo yao kumi.

Si vyema kudhani kwamba mji wote ulikuwa kama Imamu wake. Majumba yale yalikuwa na wenyewe, na utajiri wa Tahert ulizaa baadaye mashindano na fitna, mpaka mwaka wa 296 H. (909 M.) majeshi ya Mafatimi yalipouangusha. Waliookoka wakaelekea jangwani, na baada ya muda vizazi vyao vikajenga miji ya Mzab, ambako Waibadhi wapo hadi leo. Wala yeye hakukataza watu kujenga au kufanya biashara. Alichokifanya ni kukaa chini ya dari yake ya udongo, akiiziba kila inapopasuka.

Alifariki mwaka wa 168 H. (784 M.), na wengine wamesema 171 H. Inasimuliwa kwamba aliandika tafsiri ya Qur'ani, nayo imepotea. Alipoona mauti yamekaribia hakumrithisha mtu cheo. Aliliachia jambo hilo baraza la watu wachache, kwa kufuata mfano wa Umar bin al-Khattab, na ndani yake walikuwamo mwanawe Abdulwahhab na mwanachuoni Masud al-Andalusi. Wengi wakamwelekea Masud. Aliposikia kwamba wanakuja kumpa baia, Masud alijificha. Wakamtafuta wasimpate, wakageuka kwa Abdulwahhab. Na habari hiyo ilipomfikia Masud mafichoni, alitoka mbio ili awe wa mwanzo kumpa Abdulwahhab mkono wa baia.