Sayyida Salme: Binti wa Sultani Aliyejifundisha Kuandika kwa Siri

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana wa Kinoo, magharibi ya Nairobi, akijifundisha Kinorwe au Kijerumani peke yake usiku, simu mkononi na daftari mapajani. Wengi hudhani kwamba bidii ya namna hiyo ni jambo la zama hizi. La hasha! Katika karne ya 19, huko Unguja, alikuwako binti aliyejifundisha kuandika bila ya idhini ya mtu, na baadaye akaimudu lugha ngeni ya Ulaya hata akaitungia kitabu. Naye ni Sayyida Salme binti Said.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Katika majumba yale zilisikika lugha nyingi: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na nyinginezo. Masikio ya mtoto aliyekulia humo hayakuwa mageni kwa maneno ya watu wengine.

Kama watoto wenziwe, Salme alitiwa chuoni. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika, lakini wasichana walikomea kwenye kusoma Kurani. Kalamu ilihesabiwa kuwa haimfai mwanamke.

Salme hakuridhika. Alichukua msahafu, akatafuta kombe la bega la ngamia, yaani ule mfupa mpana uliotumiwa Unguja badala ya ubao, akaanza kuziiga herufi moja moja. Tazama busara ya njia hii. Hakuanza na asilolijua. Alianza na maneno ambayo ulimi wake ulikwisha kuyazoea chuoni, ikabaki kazi ya jicho na mkono. Kosa lake aliweza kulitambua mwenyewe kwa kulinganisha mfupa na msahafu. Alipoona kwamba herufi zimeanza kumtii, ndipo alipomtaka mtumwa mmoja aliyejua kuandika amwongoze katika khati nzuri. Siri ilipofichuka alilaumiwa sana, lakini kalamu hakuiacha.

Kalamu hiyo haikukawia kumtia mashakani. Sayyid Said alifariki mwaka 1856, na mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua ndugu yao, Sayyid Majid. Salme, ambaye alikuwa na umri wa miaka 15 tu, alivutwa upande wa Barghash, akawa ndiye mwandishi wa barua za njama. Waingereza wakamsaidia Majid, uasi ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka huo huo mama yake Salme alikufa kwa kipindupindu. Binti akabaki na ukiwa, na uhasama wa ndugu juu yake.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa na kuolewa, akaitwa Emily Ruete. Jambo hili liliwaumiza sana jamaa zake, na hata leo wapo watu wa pwani walitajao kwa masikitiko. Hatukusudii kulihukumu hapa. Hesabu ya kila mja iko kwa Mola wake.

Alipofika Hamburg hakujua Kijerumani. Aliyezoea kuandika kutoka kulia alikuwa sasa katika nchi inayoandika kutoka kushoto. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wachanga. Tangu hapo lugha ile haikuwa anasa tena. Ilikuwa ni njia ya kuishi. Alihamahama mji kwa mji, akapata riziki kwa kusomesha Kiarabu. Na kalamu aliyoilaumiwa utotoni ikamfaa ugenini, maana aliweza kuwaandikia marafiki wa nyumbani kwa mkono wake mwenyewe, bila ya kumpitia karani.

Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin, kwa Kijerumani, katika majuzuu mawili. Alikuwa ameanza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, wapate kujua asili yao. Si yote aliyoyasema yanayokubalika. Utetezi wake wa utumwa, kwa mfano, hauwezi kupita. Hata hivyo, maisha ya ndani ya majumba ya Unguja tungeyajua kwa uchache mno lau si yeye.

Alirudi kuizuru Unguja mwaka 1885 na 1888 akitaka urithi wake, asiupate. Alifariki mjini Jena mwaka 1924, na kaburi lake liko Hamburg.

Basi anayetaka kujifundisha lugha, iwe Kinorwe au nyingine, na ashike mwendo wa binti yule. Achague maandiko mafupi ambayo maana yake anaijua, ayanakili kila siku, alinganishe alichokiandika na asili yake, kisha amtafute mjuzi wa kumsahihisha. Salme alikuwa na mfupa wa ngamia tu, naye hakungoja kupata ubao.