Umm Kulthum na Mavazi Aliyoyachagua

Vijana wa leo hawausikii wimbo tu, huutazama. Mwimbaji asiye na video huonekana kama hajaimba bado, na ndani ya video hiyo nguo hupimwa kwa mizani ile ile ipimayo sauti, na aghalabu ikaizidi uzito. Wazee husema mambo haya yameletwa na zama hizi, lakini Misri ilikuwa ikiwaonyesha waimbaji wake katika sinema tangu miaka ya 1930, na mwanamke aliyeishika sauti ya Waarabu wote kwa muda wa miaka hamsini alilazimika kujibu suala hili hili: watu wamtazame vipi? Huyo ni marehemu Bibi Umm Kulthum.

Alizaliwa katika kijiji cha Tamay al-Zahayra, jimbo la Daqahliyya, katika bonde la chini la mto Nile. Mwaka wa kuzaliwa kwake wengine huutaja kuwa 1898 na wengine 1904. Babake, Sheikh Ibrahim al-Baltaji, alikuwa imamu wa msikiti wa kijijini, mtu wa kipato kidogo, ambaye aliongezea riziki yake kwa kuimba kasida katika harusi na maulidi. Binti alitiwa chuoni pamoja na nduguye Khalid, na huko ndiko ulimi wake ulikonyooka. Aliyepita chuoni atanielewa: kila herufi itoke mahali pake, ujue wapi pa kuvuta na wapi pa kukata pumzi. Hadi uzeeni mwake watu walimsifu kwa kuwa hapana neno lililopotea kinywani mwake.

Mzee alikuwa akimfundisha Khalid kasida, na yule mtoto wa kike akisikiliza pembeni akazishika zote. Sheikh Ibrahim akaona kuwa sauti ile ina riziki ndani yake, lakini ina na aibu pia, maana ni binti atakayesimama mbele ya wanaume asiowajua. Basi akamvisha nguo za kiume: koti refu, na kichwani kitambaa kilichozungushiwa agali kama wavaavyo Mabedui. Hilo ndilo vazi lake la kwanza la jukwaani. Hakulichagua yeye, alichaguliwa.

Kwa ushawishi wa Sheikh Abu al-Ila Muhammad, mwimbaji mashuhuri aliyekuja kuwa mwalimu wake, familia ilihamia Cairo kiasi cha mwaka 1923. Mji ulikuwa mikononi mwa Munira al-Mahdiyya, aliyeitwa Sultana wa Tarabu, bibi wa michezo ya kuigiza, wa vito na mapambo. Huyu wa shamba akaja na babake na nduguye wakimwitikia bila ya ala yoyote, naye katika mavazi yake ya Kibedui. Sauti ilikubaliwa papo hapo. Umbo likachekwa. Waandishi wa magazeti hawakumficha kuwa nyimbo zake na mavazi yake vyote ni vya kale.

Hakubishana nao. Aliingia katika majumba ya wakubwa waliomwalika kuimba, akatazama mabibi wa mle wanavyokaa, wanavyozungumza, na mishono wanayoivaa. Mwaka 1926 akageuza yote kwa pamoja. Waitikiaji wa nyumbani waliondoka, mahali pao wakaja wapigaji wa udi, kanuni, fidla na rika, akiwemo Muhammad al-Qasabji, fundi wa udi asiyekuwa na mfano; na zile nguo za Kibedui zikabadilishwa kwa magauni ya mtindo wa mabibi wa Cairo, nao wakati huo walikuwa wakitazama Paris. Wengi huyasimulia mageuzi hayo kana kwamba ni mlango wa gereza uliofunguliwa. Mimi naona yalikuwa na bei yake: nguo za baba na sauti ya baba zilitoka jukwaani msimu mmoja.

Mashairi ya Ahmad Rami, santuri zilizouzwa kwa wingi, na redio ya Misri iliyofunguliwa mwaka 1934, hayo yanajulikana. Kadhalika yale maonyesho yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi, yaliyoanza kutangazwa mwaka 1937. Sisi wa Pwani tulimpata kwa njia hiyo ya sikio. Wapigaji wetu wa taarabu, Unguja na Mombasa, walikuwa wakiitazama Misri tangu zamani, na nyimbo za Cairo zilikuwa kwao kama darasa.

Sinema ilikuwa habari nyingine. Muhammad Abd al-Wahhab alikuwa ameshatangulia mwaka 1933 kwa filamu yake ya Waridi Jeupe. Studio Misr ilipofunguliwa mwaka 1935, Umm Kulthum ndiye aliyepewa filamu yake ya kwanza, Widad, ya mwaka 1936, iliyoongozwa na Mjerumani Fritz Kramp. Mle yeye ni kijakazi mwimbaji wa zama za Mamluki. Tazama sasa busara yake. Katika Dananir ya mwaka 1940 alikuwa kijakazi wa enzi za Harun al-Rashid, na katika Sallama ya mwaka 1945 kijakazi tena, wa enzi za Bani Umayya, na mle mlisikika hata kisomo cha Kurani kwa sauti yake. Zama hizo za kale zilimruhusu kujifunika kwa majoho na mapambo ya kichwa bila ya kuitwa mshamba. Hakulazimika kushindana kwa mishono mipya na Asmahan au Layla Murad, ambao, tuseme kweli, kamera iliwapenda zaidi.

Kisha sinema ilimbana. Jukwaani wimbo mmoja ulimchukua saa nzima na zaidi, akilirudia neno kila mara kwa ladha mpya, kulingana na wasikilizaji walivyopagawa. Katika filamu ilitakiwa dakika chache, na uso uonekane kwa karibu. Alicheza filamu sita tu, ya mwisho ikiwa Fatma ya mwaka 1947, aliyokuwa muuguzi. Maradhi yalishambulia macho yake, na taa kali zikawa adhabu. Ndipo ilipokuja ile miwani nyeusi. Ilikuwa dawa, watu wakaifanya pambo, na hata leo mchoraji akichora miwani hiyo na nywele zilizofungwa kisogoni, hana haja ya kuandika jina.

Vazi la jukwaani alilobaki nalo alilichagua mwenyewe: gauni refu, mikono mirefu, bruchi ya almasi yenye umbo la hilali, na kitambaa cha mkono cha hariri alichokikunjakunja vidoleni. Nywele hakuzifunika, na masheikh wetu wana neno juu ya hilo na juu ya uimbaji wenyewe. Hilo nawaachia wao. Ninaloliona mimi ni kuwa televisheni ilipoingia Misri mwaka 1960, kamera ilimkuta ameshaamua. Ilimpata mwanamke aliyesimama mahali pamoja, na kitu kinachotembea ni kile kitambaa tu. Hivyo ndivyo alivyoimba Enta Omri mwaka 1964, wimbo aliotungiwa na Abd al-Wahhab, na hivyo ndivyo alivyosimama katika ukumbi wa Olympia, Paris, Novemba 1967, miezi michache baada ya Misri kushindwa vitani, akichanga fedha kwa ajili ya nchi yake.

Alifariki Cairo tarehe 3 Februari, 1975. Siku ya mazishi umati uliichukua jeneza mikononi mwa wachukuzi, ukaizungusha mitaani saa nyingi hadi msikiti wa Sayyidna Husein, kabla ya kumfikisha kaburini. Mwaka 2001 lilifunguliwa jumba la makumbusho yake kando ya Nile, katika kasri ya Manasterly. Humo zimo nguo zake, miwani na ile hilali ya almasi.