Luigi Broglio: Mhandisi aliyerusha setilaiti kutoka bahari ya Ngomeni

MAJUKWAA ya chuma yaliyosimama baharini karibu na Ngomeni, kusini mwa Marereni, ni kumbukumbu ya mtu mmoja: Profesa Luigi Broglio, anayetambuliwa nchini Italia kama baba wa sayansi ya anga.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mnamo Novemba 11, 1911. Alisomea uhandisi mjini Roma, akawa afisa wa Jeshi la Anga na baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Roma.

Mwaka 1962, Italia na Marekani ziliafikiana kwamba Waitaliano waunde setilaiti, nao Wamarekani watoe roketi na mafunzo. Ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa kutoka Marekani mnamo Desemba 15, 1964. Lakini Broglio alitaka kurushia kwenye ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi. Ngomeni ilifaa, kwa kuwa upande wake wa mashariki ni bahari tupu. Aprili 26, 1967, San Marco 2 ilipaa kutoka hapo.

Kurusha kulikuwa nusu tu ya kazi. Setilaiti isiyosikika ni sawa na iliyopotea. Kwa hivyo antena za kituo zilinasa mawimbi yake ya redio kila ilipopita juu. Mawimbi hayo hupanda inapokaribia na kushuka inapokwenda mbali, na kwa tofauti hiyo wahandisi hukadiria mwendo na njia yake.

Ndani ya setilaiti hizo Broglio aliweka mizani aliyoibuni mwenyewe. Ganda la nje lilisukumwa na hewa hafifu ya juu, nayo mizani ikapima msukumo huo na kuutuma duniani kwa redio. Vipimo hivyo vina thamani kubwa, kwani hewa hiyo ndiyo inayozipunguza kasi setilaiti na hatimaye kuziangusha.

Desemba 12, 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka Ngomeni na kuitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka angani. Kwa jumla setilaiti tisa zilirushwa hapo, ya mwisho mnamo Machi 1988.

Broglio alifariki Januari 2001 akiwa na umri wa miaka 89, na kituo kikapewa jina lake. Roketi zilinyamaza lakini antena ziliendelea. Kuanzia mwaka 2004 zilipokea taarifa za setilaiti ya Marekani iitwayo Swift.

Mwaka 2018, chuo alichofundisha kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya. Hata hivyo, Taifa-1 ilipopaa mnamo Aprili 2023, ilirushiwa California. Nchi yenye ikweta na bahari ililazimika kusafirisha setilaiti yake ng'ambo, ilhali Broglio alivuka bahari kuyafuata hayo mawili hapa Ngomeni.