Okot p'Bitek: Manju Aliyeuingiza Uwanja wa Ngoma Katika Darasa la Fasihi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayejiandikisha kwa somo la fasihi simulizi chuoni huliona somo hilo kuwa jambo la kawaida. Hufunzwa tanzu na vipera vyake, huelekezwa jinsi ya kufanya utafiti wa nyanjani, na mwishoni mwa muhula huingia ukumbini kufanya mtihani. Ni nadra kwake kujiuliza somo hilo lilitoka wapi. Ilhali hadi miaka ya 1960, mwanafunzi aliyetaka kusomea fasihi kwa shahada ya kwanza Makerere au Nairobi alijikuta katika Idara ya Kiingereza, akifuata njia iliyoanzia kwa waandishi wa kale wa Uingereza, ikapitia kwa Shakespeare, na kuishia kwa T. S. Eliot. Nyimbo alizoimbiwa na nyanyake hazikuhesabiwa kuwa fasihi. Miongoni mwa watu walioubadilisha mkondo huo ni Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi ambaye, kwa kinaya, hakuwahi kusomea shahada ya fasihi.

Malezi na Elimu

Okot alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Jina Okot hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Babake, Jebedayo Opi, alikuwa mwalimu katika shule za misheni ya Kianglikana. Mamake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mchezaji ngoma aliyetambulika miongoni mwa Waacholi. Mtoto huyu alikulia basi katika nyumba yenye madarasa mawili. Katika moja alifunzwa kusoma Biblia na kuandika. Katika la pili alifunzwa nyimbo za uchumba, za vita na za maombolezo. Maisha yake yote aliyatumia kukataa wazo kwamba darasa la kwanza lilikuwa elimu na la pili lilikuwa burudani tu.

Alisoma katika Shule ya Upili ya Gulu, kisha King's College Budo karibu na Kampala, ambako kipawa chake cha muziki kilijitokeza alipotunga opera. Baadaye alisomea ualimu Mbarara, akafundisha katika shule ya Sir Samuel Baker karibu na Gulu. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22, alichapisha riwaya ya Kiacholi, Lak Tar Miyo Kinyero Wi Lobo. Riwaya hiyo inamhusu Okeca Ladwong, kijana maskini anayeondoka kwao kwenda kutafuta pesa za mahari mijini, akataabika, na kurudi mikono mitupu baada ya kuibiwa. Inafaa kukumbukwa kwamba kitabu cha kwanza cha Okot kiliandikwa kwa lugha ya mama, kwa ajili ya wasomaji wa kwao.

Kilichompeleka Ulaya mara ya kwanza kilikuwa kandanda. Alisafiri hadi Uingereza katika miaka ya 1950 pamoja na timu ya taifa ya Uganda, na badala ya kurejea nyumbani na wenzake akabaki kusoma. Alipata stashahada ya ualimu Bristol na shahada ya sheria Aberystwyth nchini Wales, kisha akaingia Oxford kusomea anthropolojia ya jamii.

Huko Oxford alipata jeraha lililomtia ari. Katika mhadhara wake wa kwanza kabisa alimsikia mwalimu akiwataja Waafrika na jamii nyingine zisizo za Ulaya kwa majina ya ushenzi na unyama. Okot alipinga, lakini majina hayo yaliendelea kutumika katika mihadhara na vitabuni. Tukio hilo alilieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu jinsi wasomi wa Magharibi walivyoziandika dini za Kiafrika. Mwaka 1963 alikamilisha shahada ya B.Litt. kwa tasnifu kuhusu nyimbo za jadi za Waacholi na Walango. Tasnifu yake ya uzamifu kuhusu dini ya jamii hizo ilikataliwa na chuo. Hakuitupa. Utafiti huo ulikuwa msingi wa kitabu kilichochapishwa mwaka 1971, nacho kikasomwa na watu wengi kuliko tasnifu nyingi zilizopasishwa.

Wimbo Uliotikisa Uga wa Fasihi

Aliporudi Uganda, Okot aliajiriwa na Makerere katika idara ya elimu ya nje ya chuo, akapelekwa Gulu. Huko alianzisha tamasha la sanaa ambalo wasanii wake walikuwa wanavijiji wenyewe. Mwaka 1966 aliteuliwa kusimamia Kituo cha Utamaduni cha Uganda jijini Kampala, akawa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza lilikuwa limezoea tamthilia za Kizungu na hadhira ya wachache. Okot aliwafungulia milango wapiga ngoma na waimbaji kutoka pembe mbalimbali za nchi.

Mwaka huohuo East African Publishing House ya Nairobi ilichapisha Song of Lawino. Utenzi huo mrefu ulitungwa kwanza kwa Kiacholi kwa jina Wer pa Lawino, na mtunzi mwenyewe akautafsiri kwa Kiingereza. Msemaji wake ni Lawino, mke asiyejua kusoma, anayemlalamikia mumewe Ocol, msomi anayedharau kila kitu cha kwao na aliyempata Clementine, mwanamke wa kisasa. Lawino anaiona nyumba ya mumewe kama msitu wa vitabu ambamo mwanamume amepotelea asirudi. Kwa lugha ya darasani, Lawino alikuwa mhakiki wa mtaala: aliuliza ni elimu gani hii inayomfanya mtu awachukie waliomzaa.

Mwaka mmoja kabla, Taban lo Liyong alikuwa amelalamika katika East Africa Journal kwamba Afrika Mashariki ni jangwa la fasihi. Lawino alikuwa jibu kwake, lakini Taban hakuridhika kikamilifu. Alishikilia kwamba wimbo ule ulipoteza uzito ulipovuka kutoka Kiacholi kwenda Kiingereza, naye akaja kutoa tafsiri yake mwenyewe mwaka 2001. Wasomaji wa Kiswahili walipata Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa, mwaka 1975. Hivyo kazi moja iliibua swali ambalo wanafunzi wa tafsiri na fasihi bado hukabiliana nalo: je, wimbo ukitolewa katika lugha yake, kinachobaki ni nini?

Nairobi na Mageuzi ya Mtaala

Okot hakudumu Kampala. Ukosoaji wake uliwakera watawala, na baada ya safari ya Zambia alipoteza kazi. Alihamia Kenya, akawa mkufunzi wa elimu ya nje ya chuo mjini Kisumu chini ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Mwaka 1968 alianzisha Tamasha la Sanaa la Kisumu, kama alivyofanya Gulu.

Mwaka huo ndio uliokuwa wa mageuzi Nairobi. Mnamo Septemba 1968 kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza aliwasilisha kwa Bodi ya Kitivo cha Sanaa mapendekezo kuhusu mustakabali wa idara yake. Tarehe 24 Oktoba, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walijibu kwa waraka uliopendekeza idara hiyo ivunjwe na mahali pake paundwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: Afrika iwe kitovu, na fasihi za mataifa mengine zisomwe kwa kutazamwa kutoka hapa. Fasihi simulizi ilipewa nafasi ya msingi katika mpango huo.

Okot hakutia sahihi waraka huo. Mchango wake ulikuwa wa namna nyingine. Mtaala hauwezi kuishi kwa azimio la kikao. Huhitaji kazi za kusomwa na walimu wa kuzifundisha. Lawino alikuwa tayari amewaonyesha waliokuwa na shaka kwamba nyimbo za kijijini zinaweza kuzaa ushairi wa hali ya juu. Baada ya kipindi katika mpango wa waandishi wa kimataifa huko Iowa, Marekani, Okot alirejea na kufanya kazi Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia mwaka 1971, akiwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika na mhadhiri. Song of Ocol ilikuwa imetoka mwaka 1970. Two Songs, iliyounganisha wimbo wa mfungwa na ule wa malaya, ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Neno malaya lenyewe aliliacha kwa Kiswahili katika anwani ya Kiingereza. Mwaka 1974 alitoa Horn of My Love, mkusanyiko wa nyimbo za Waacholi ambamo maneno ya Kiacholi yalichapishwa pamoja na tafsiri, ili msomaji asisahau kwamba Kiingereza kilikuwa mgeni ukurasani.

Katika insha zake za kipindi hicho, zikiwemo zilizomo katika Africa's Cultural Revolution ya mwaka 1973, Okot alieleza fasihi kuwa ubunifu wote wa binadamu unaotumia maneno, yawe yameimbwa, yamesemwa au yameandikwa. Aliwakosoa walimu waliogeuza fasihi kuwa zana ya mtihani. Kwake fasihi ilikuwa kushirikiana hisia nzito, jambo linalohitaji fanani na hadhira waliokutana ana kwa ana. Mwezi Septemba 1974 walimu na wahadhiri walikutana katika Shule ya Nairobi kujadili ufundishaji wa fasihi katika shule za upili, na mjadala uliokuwa wa chuo kikuu ukaanza kuelekea mashuleni.

Mipaka ya Fikra Zake

Heshima kwa mtu haizuii kumhakiki. Okot aliuweka wimbo upande mmoja na kitabu upande wa pili: wimbo ukawa wa Mwafrika, kitabu kikawa cha mgeni. Mgawanyo huo ulifaa kwa Gulu, ambako maandishi yaliletwa na wamisheni. Katika pwani ya Waswahili haufai. Utenzi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Pate una mswada wa mwaka 1728, miaka zaidi ya mia moja kabla ya wamisheni wa Kiprotestanti kufika Mombasa. Tenzi hizo ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na papo hapo zikaghaniwa mbele ya hadhira. Mswahili hakuhitaji kuchagua kati ya msitu wa vitabu na uwanja wa ngoma, kwani kwake viwili hivyo vilikuwa na mlango mmoja.

Jambo hili lina uzito kwa mtaala. Nairobi, fasihi ya Kiswahili haikupata makao yake katika Idara ya Fasihi bali katika Idara ya Isimu na Lugha za Kiafrika, huku Idara ya Fasihi ikiendelea kufundisha kwa Kiingereza. Pendekezo la mwaka 1968 la kuweka fasihi na lugha za Kiafrika chini ya paa moja halikutimia kama lilivyoandikwa. Wanafunzi wa pande mbili wamesoma fasihi simulizi kwa miongo mingi kwa istilahi mbili, mara nyingi bila kusikizana.

Miaka ya Mwisho

Mwaka 1978 Okot alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria. Idi Amin alipong'olewa Aprili 1979, njia ya kurudi nyumbani ilifunguka. Alirejea Makerere, na mwaka 1982 akawa profesa wa utunzi wa kubuni. Chuo kilichowahi kufundisha fasihi kwa mtaala wa London sasa kilikuwa kimempa uprofesa mtu aliyetunga kwa Kiacholi. Hakuufaidi muda mrefu. Alifariki Julai mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 51. Insha zake za mwisho zilichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1986.

Alichopigania Okot kilipatikana kwa sehemu kubwa. Fasihi simulizi iliingia katika mitaala ya vyuo vikuu vya Kenya, na chini ya mfumo wa 8-4-4 ikatahiniwa hata katika karatasi ya fasihi ya Kiswahili ya KCSE. Lakini ushindi huo ulikuja na hatari aliyoihofia mwenyewe. Mwanafunzi anaweza kuorodhesha sifa tano za nyimbo za jando bila kuwahi kusikia hata mmoja ukiimbwa, na akapata alama zote. Lawino mwenyewe amekuwa kitabu cha mtihani, mti mmoja zaidi katika msitu alioulalamikia.

Okot alikuwa na kipimo chake kwa utafiti kama huo. Nyimbo alizozikusanya hakuziacha maktabani Oxford. Alizirudisha Gulu na Kisumu kwa njia ya tamasha, zikaimbwa mbele ya watu waliozijua na walioweza kumsahihisha. Somo la fasihi simulizi linaloishia katika daftari la mwanafunzi, wenye nyimbo wasiambiwe chochote wala kualikwa, lingekuwa kwake kazi iliyofika nusu ya safari.