Mzee Lauwo wa Marangu, Aliyejua Njia

Mimi ni mtoto wa Tunduma. Nimekua nikiwaona wanaume wakivusha mizigo kati ya kwetu na Nakonde kwa mabega, baiskeli na mikokoteni. Baba yangu naye kazi yake ndiyo hiyo. Kwenye karatasi linaandikwa jina la mwenye mali. La mbebaji haliandikwi popote. Labda ndiyo maana, tulipokaririshwa shuleni kwamba Hans Meyer ndiye wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro, mimi nilijiuliza mizigo yake ilibebwa na nani.

Jina linalotajwa zaidi ni la Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga wa Marangu. Simulizi za kwao zinasema alikuwa kijana tu, na siku ile alikuwa mbele ya Mangi Marealle kwa kosa la kukwepa kazi ya barabara. Meyer akatokea, anatafuta watu wa kumpeleka mlimani. Wazee wakamtazama kijana: ukoo wake unaujua msitu. Kesi ikageuka kuwa ajira.

Meyer mwenyewe alikuwa ameshagonga mwamba mara mbili. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. Mwaka 1888 hata mlima hakuufikia. Alikamatwa na watu wa Abushiri, akaachiwa kwa fidia. Safari ya 1889 ilifaulu kwa sababu ilipangwa vizuri: kambi kadhaa, na wapagazi wa kupandisha chakula. Mmoja wao, Mwini Amani wa Pangani, alikaa kwenye kambi ya juu kabisa, kwenye baridi kali. Tarehe 6 Oktoba, Meyer na Ludwig Purtscheller walifika juu, wakapaita kwa jina la Kaisari wa Ujerumani. Leo ni Uhuru, mita 5,895.

Kusema kweli, kwa maelezo ya Meyer, hao wawili tu ndio waliokanyaga kilele siku ile. Lakini bila walioijua njia ya msituni na waliobeba chakula, wasingefika hata kwenye barafu.

Lauwo aliendelea kuongoza wageni kwa miaka mingi. Mwaka 1989, safari ile ilipotimiza miaka 100, ndipo dunia ikamkumbuka, akajengewa nyumba ya kisasa. Alifariki mwaka 1996, ikidaiwa ana miaka 125. Wapo wanaoutilia shaka umri huo, hata kuwepo kwake kwenye safari yenyewe. Mimi nasema shaka hiyo ndiyo inayouma: kama majina ya wapagazi wote yangeandikwa vizuri tangu mwanzo, leo tusingebishana.

Wewe unayejichanga upande Kili ukimaliza chuo, piga picha zako pale kileleni, ila muulize mpagazi wako jina lake kamili, uliandike. Mimi likizo hii nikirudi Tunduma nitakaa na mzee wangu, na daftari nitakuwa nalo.