Padre William Percival Johnson wa Ziwa la Nyasa

Mtu akisimama ufukoni Lyulilo siku ya Jumamosi huiona mitumbwi ikija kutoka Ikombe imejaa vyungu vya Wakisi. Na kabla ya kurudi, wenye mitumbwi huitazama kwanza milima ya Livingstone, kisha maji, kwa maana wajua ya kuwa ziwa hili halina urafiki wa kudumu na mtu. Twaanza na jambo hili kwa sababu yeye tunayemwandika hapa alipita juu ya maji haya na kando yake kwa muda wa miaka arobaini na sita. Huku kwetu kaskazini Injili ililetwa mwaka 1891 na wamisioni wa Berlin na Wamoravian. Pwani ya mashariki ilipandwa na Misioni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la UMCA. Na katika wapandaji wake, jina lililokaa vinywani mwa watu kuliko mengine yote ni la Padre Johnson.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alikuwa amekusudia kwenda Bara Hindi katika kazi ya serikali, kazi yenye heshima na mshahara mwema, na mwisho wake pensheni. Lakini Askofu Steere wa Unguja alikuwa akitafuta watu, naye Johnson akajitoa, kama alivyojitoa rafiki yake wa chuoni, Chauncy Maples. Mwaka 1876 akafika Unguja, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu mpaka Masasi, pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, waliokuwa wakirudi bara kuanza maisha mapya.

Masasi hakukaa sana. Mwaka 1880 alikwenda Mwembe kwa Mataka, mfalme wa Wayao. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa ndiyo mali ya nchi, na Mzungu aliyekaa mjini alidhaniwa kuwa mpelelezi wa watu wa pwani waliokamata misafara. Basi ikatokea fitina, nyumba yake ikaporwa, akalazimika kuondoka. Mwingine angaliihesabu kazi yake kuwa imekwisha. Yeye alitafuta njia nyingine ya kufika ziwani, akafika mwaka 1882 pamoja na Padre Charles Janson. Baada ya muda mchache Janson akafa kando ya maji aliyoyatembea majuma mengi ili ayaone. Johnson akamzika, akabaki bila mwenzake.

Hapo ndipo alipoona ya kuwa pwani ndefu namna hii, yenye vijiji vilivyojificha katika vikuka na matete kwa hofu ya Wangoni, haiwezi kuhudumiwa ila kwa stima. Akarudi Uingereza kuomba fedha, akazipata. Lakini stima ilipokuwa ikipandishwa vipande vipande kwa njia ya mito, macho yake yakaugua vibaya, akarudishwa Ulaya karibu kuwa kipofu. Jicho moja likapotea kabisa, na la pili likabaki na nguvu kidogo. Stima ikashushwa majini mwaka 1885, ikaitwa Charles Janson kwa ukumbusho wa yule aliyekufa. Na mwaka huo kisiwa cha Likoma kikawa makao ya misioni.

Padre Johnson akarudi na jicho lake moja.

Twapenda waalimu walitafakari neno hili, kwa kuwa ni rahisi kujitoa mara ya kwanza, wakati mtu angali kijana mwenye afya na hajui anachokubali. Kujitoa mara ya pili ni jambo jingine. Bwana wetu alisema habari za mjenzi akaaye kitako kwanza na kuhesabu gharama za mnara wake. Johnson wa mwaka 1876 alihesabu kwa kukisia. Aliporudi baada ya ugonjwa wa macho aliijua hesabu yote.

Nayo gharama haikuisha hapo. Mwaka 1888, kwa Makanjila, alikamatwa pamoja na Bwana Buchanan, aliyekuwa akikaimu ukonsuli wa Uingereza. Wakavuliwa nguo na kufungwa hata walipokombolewa kwa mali. Mwaka 1895 ukawa mzito kuliko yote. Mwezi wa Agosti Padre George Atlay aliuawa na Wangoni. Tarehe 2 Septemba, Chauncy Maples, aliyewekwa Askofu mwezi wa Juni mwaka ule ule, alikuwa akirudi kwa mashua ili aanze kazi yake. Tufani ikaizamisha mashua usiku, naye akafa maji pamoja na Bwana Joseph Williams. Wale vijana wa mashua waliokoka. Huyu Maples ndiye aliyekuwa rafiki wa Johnson tangu ujana.

Tusidhani ya kuwa alikuwa mtu mwepesi kuishi naye. Alilala popote, alikula chochote, au hakula, na asiyejali tumbo lake mwenyewe huweza kusahau la wenzake. Wachukuzi na mabaharia waliofuatana naye walilipa sehemu ya gharama ambayo haikuandikwa katika vitabu vya misioni. Twalisema hili bila kumpunguzia heshima. Waalimu wa vijiji nao walilipa, na wengine zaidi ya yeye. Padre Leonard Kamungu, mzaliwa wa pwani hii, aliwekwa kasisi mwaka 1909, akaiacha nchi yake kwenda Msoro, katika nchi iitwayo leo Zambia, na huko akafa mwaka 1913.

Kazi kubwa ya mikono ya Johnson ni Biblia. Huku akitembea kijiji kwa kijiji, au akikaa ndani ya stima iliyomtikisa, aliifasiri yote katika Kinyanja cha pwani ya Likoma, akisogeza karatasi karibu na jicho lake bovu. Ikapigwa chapa mwaka 1912. Chuo cha Oxford kikampa heshima ya udaktari wa theolojia. Naye alikuwa Arkidiakoni wa Nyasa, lakini vijijini watu walimjua kama mzee aliyefika kwa miguu, akaketi, akafundisha watoto, akaondoka kabla ya jua kuwa kali. Stima kubwa, Chauncy Maples, ilianza kazi mwaka 1901, nayo ilikusudiwa kuwa pia chuo cha waalimu.

Vita vya mwaka 1914 vilianza ziwani palepale Liuli, ambapo Wadachi walipaita Sphinxhafen: tarehe 13 Agosti stima ya Waingereza ilipiga mizinga stima ya Wadachi iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Vita vilipokwisha, yeye alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sitini, na miaka yake ya kupumzika ilikuwa imewadia. Hakuichukua. Aliendelea kuzunguka vijiji vyake mpaka nguvu zikamwisha, akafa Liuli mwezi wa Oktoba mwaka 1928, mwenye umri wa miaka sabini na minne, miaka hamsini na miwili tangu afike Unguja. Wakristo wa pwani wakamzika huko huko Liuli, karibu na maji.